Prosesa Ndani ya Kopo la Maziwa

Siku mliyoniaga mlinitaka nizungumze, nikasema asanteni na kukaa, kwa sababu pilau ilikuwa inapoa na mkuu wa ofisi alikuwa ameshazungumza vya kutosha kwa niaba yetu sote. Sasa nipo nyumbani, nafasi ninayo, na wawili kati yenu mmenipigia simu kuuliza ile habari ya kompyuta iliyotengenezwa kwa vifaa vya kuchorea ramani. Nimeona bora niiandike mwenyewe, pamoja na machache yaliyoitangulia, kuliko mwendelee kuisikia kwa watu ambao hawakuwepo. Vyeo na mishahara mtavikuta kwenye faili langu, kama panya hawajalifikia.

Niliingia ofisi ya ardhi Lindi nikitoka chuoni, msichana wa miaka ishirini na mbili, mtoto wa wakulima wa korosho wa Kitomanga. Siku ya kwanza nilipelekwa chumba cha wachora ramani, nikamkuta Bwana Anselimu ameinamia meza iliyolala mshazari, shati jeupe, kitambaa amekifunga kwenye kifundo cha mkono. Alikuwa Mmakonde wa kule Newala, amekaa Lindi miaka mingi, na watu walisema mkono wake haujawahi kutetemeka.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba. Umewahi kumwaga wino juu ya ramani iliyokwisha?"

"Hapana, mzee."

"Basi hujaanza kazi. Kaa pale."

Kile kitambaa kilikuwa cha jasho. Kwa joto la Lindi, tone moja likidondoka kwenye karatasi ya kufuatishia, wino unatambaa na mto unaingia kwenye shule. Alinifundisha kukwangua kosa kwa wembe bila kutoboa karatasi, na kupumua kwa pua ninapovuta mstari mrefu. Kosa dogo tulilikwangua. Kosa kubwa, mathalani mpaka uliohamishwa au bikoni, yaani jiwe la mpaka, iliyosahauliwa, lilimaanisha karatasi mpya, na karatasi mpya ilimaanisha wiki nyingine. Kwa hiyo watu wa ofisi ile hawakupenda kuambiwa kwamba wamesahau kitu. Mtu akija kusema shamba lake halionekani, kwanza tulimwangalia kwa chuki, kisha ndipo tukaiangalia ramani.

Miaka ile ya mwanzo wino ulipatikana kwa kibali na kalamu tuliazimana. Kisha likaja soko huria. Maduka ya mjini yakajaa redio na mapazia kutoka Dubai, mitumba ikafika mpaka Kitomanga, na mezani kwetu yakaanza kuingia maombi ya ardhi ya pwani: huyu anataka kujenga hoteli, yule kufuga kamba, mwingine kuchemsha chumvi. Kabla ya hapo pwani ile tulikuwa tukiichora kwa faida ya samaki tu. Ghafla kila mtu alitaka ramani, na alitaka jana.

Katika hekaheka hizo mradi mmoja ukatuletea kompyuta, pamoja na plota, yaani mashine inayoshika kalamu na kuchora yenyewe kwenye karatasi kubwa. Mtaalamu wa mradi alinifundisha wiki mbili, akanipa mkono, akaondoka. Tukaishonea kompyuta shuka lenye maua. Mimi nilichapia barua na orodha za viwanja. Bwana Anselimu, ambaye nilidhani ataichukia, alikuwa akifika asubuhi anainua shuka na kuichungulia kama mtu mwenye mgeni aliyelala.

Sasa niwaeleze kesi yenyewe.

Asubuhi moja aliingia mama mmoja wa makamo, kavaa kanga mbili safi, viatu kavishika mkononi kwa sababu ya tope. Alikuwa Bi Mwanashuru, kutoka kijiji kidogo cha pwani mbele kidogo ya Mchinga. Nilimwamkia, akaitikia, akakaa, akatoa nakala ya mchoro uliokunjwa mara nyingi.

"Mwanangu, wewe unasoma hivi vitu," alisema. "Nionyeshe sisi tuko wapi."

Ulikuwa mchoro wa mwombaji mmoja aliyetaka eneo la ufukwe. Ulichorwa Dar es Salaam kutokana na ramani ya zamani yenye kipimo kidogo. Eneo lote limeandikwa "pori". Nikamwambia hivyo.

"Pori," alirudia. "Kuna visima viwili hapo. Kuna minazi ya watu. Na makaburi yetu yote yapo hapo. Mimi nitazikwa porini?"

Sidhani kama aliyechora alikuwa na nia mbaya. Hakufika tu. Lakini kamati ya ugawaji ardhi ilikuwa imepanga kukutana kijijini kwake, na bila ramani sahihi ingetumia hiyo iliyopo. Mkuu wetu akapeleka wapimaji. Walikaa kule siku nne wakarudi na madaftari yenye vipimo vya nukta zaidi ya mia tatu. Zilibaki siku tisa. Bwana Anselimu akayafunua madaftari, akahesabu kwa vidole, akasema kwa mkono, yeye na mimi, bila kulala, ni wiki tatu.

"Na ile mashine?" akauliza.

Ndani ya mtoto wa meza mlikuwa na disketi za programu mpya ya kuchorea, tuliyoletewa pamoja na mikoa mingine. Ilikuwa inapokea vipimo kama vilivyo, inachora mistari, inakokotoa ukubwa wa eneo. Nikaiingiza, disketi baada ya disketi, Bwana Anselimu kasimama nyuma yangu. Mwisho ikatokea sentensi moja kwenye skrini: mashine hii haina sehemu ya hesabu. Ikagoma.

Hapo ndipo nilipojua kuwa prosesa yetu, yaani kile kipande kinachofikiri ndani ya kompyuta, ilikuwa ya aina iliyouzwa rahisi, imeondolewa uwezo wa hesabu nzito. Bwana Anselimu alifikiri kidogo.

"Gari likiwa na injini ndogo, si unabadilisha injini?"

"Hii si gari, mzee."

"Umeifungua ukaona?"

Sikuwa nimeifungua. Hakuna aliyekuwa ameifungua. Tulikuwa tunaiogopa kama mtungi wa gesi. Nikachukua bisibisi, nikatoa skrubu na kuvuta bati. Ndani mlikuwa na vumbi la kutosha kupanda mchicha, na chini yake ubao wa kijani uliojaa vitu, ule ambao mafundi huuita ubao mama. Nikawaza: kumbe ni ramani. Barabara, viwanja, mitaa yenye namba. Woga ukaanza kunitoka, na badala yake ikaingia hamu ambayo haijaniisha mpaka leo.

Binti yake Bwana Anselimu, Blandina, alikuwa akifanya kazi katika duka la vifaa vya ofisi Kariakoo. Tulimpigia simu, akatafuta muuzaji wa kompyuta, akamleta kwenye simu. Yule bwana aliuliza maswali kama daktari: kiti cha prosesa kina mkono mdogo wa chuma pembeni? Kina. Ubao umeandikwa volti ngapi? Nikaenda kusoma, nikarudi mbio: tano. Akasema basi ubao wenu mzee lakini hajafa, anaweza kubeba prosesa mpya zaidi, yenye hesabu ndani yake na mwendo wa zaidi ya mara mbili. Ila itapata moto, lazima iwe na kipoozi, yaani kipande cha alumini chenye mapezi na feni ndogo juu yake. Mkuu wa ofisi aliidhinisha kwa sharti moja, kwamba mashine ikifa mimi ndiye nitakayeandika barua ya maelezo.

Blandina alivikabidhi kwa kondakta wa basi ndani ya kopo la maziwa ya unga. Mvua ilikuwa imeiharibu barabara, basi likakaa njiani siku mbili. Nilipofungua kopo nilikuta prosesa imezungushiwa karatasi ya fedha ya sigara na pamba, feni imelala juu yake. Nikaigeuza. Ina miguu mia moja sitini na minane, myembamba kama sindano, na mitatu ya pembeni ilikuwa imepinda. Mguu ukikatika, kazi imekwisha.

Nikamtazama Bwana Anselimu. Alichukua penseli yake ya chuma, ile ya risasi nyembamba, akatoa risasi yote, akavaa kile kioo cha jicho cha kukagulia mistari. Kisha akaivisha ncha tupu ya penseli kwenye mguu wa kwanza, kama unavyovisha kofia, akaunyanyua polepole. Alipumua kwa pua. Ukanyooka. Wa pili ukanyooka. Wa tatu ulikuwa umelala kabisa, akaufanya kwa awamu, akipumzika kati. Alipomaliza alifuta jasho kwa kile kitambaa cha mkononi na kusema, "Endelea, binti."

Nilishika kwanza chuma cha bomba la maji ili umeme wa mwilini uniishe, kama muuzaji alivyoniagiza. Nikainua ule mkono wa kiti, prosesa ya zamani ikatoka bila kugoma. Prosesa huwa na pembe moja iliyokatwa, na pembe hiyo lazima ielekee alama ya kiti. Ukiigeuza vibaya unaichoma mara tu unapowasha. Niliangalia mara nne. Nikaiweka, ikazama yenyewe bila kusukumwa, nikalaza mkono. Vikabaki vile vizibo vidogo vyeusi ambavyo mafundi huviita jampa. Vinaunganisha pini kuuambia ubao umevaa prosesa gani na iende kwa mwendo gani. Kitabu cha maelezo hatukuwa nacho, ila jedwali lilikuwa limechapwa kwenye ubao wenyewe kwa herufi ndogo kuliko mayai ya chawa. Bwana Anselimu akalisoma kwa kioo chake, mimi nikavihamisha kwa kibano cha kushikia karatasi. Alisoma mara mbili. Nikambana asome ya tatu, akasoma.

Nikawasha.

Feni ilianza kuvuma. Skrini ikakaa nyeusi muda ambao mimi niliuona mrefu sana, kisha ikaanza kuhesabu, na kwenye mstari wa juu likatokea jina la prosesa mpya. Nikaita ile programu. Ikafunguka, ukurasa mweupe, msalaba katikati unasubiri. Bwana Anselimu alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena kuhakikisha. Mimi nilikuwa nimeshasimama, naenda huku na kule chumbani bila sababu, mhudumu wa ofisi akaja kuuliza kama nimefiwa.

Baada ya dakika ishirini ikaganda. Nikazima, nikawasha, ikaenda dakika kumi, ikaganda tena. Niligusa pembeni mwa prosesa nikaungua kidole. Feni ilikuwa inazunguka vizuri, mapezi yake ya baridi kabisa. Moto ulikuwa haupandi.

Nikaitoa feni na mapezi yake nikaenda navyo sokoni kwa Fundi Rajabu, mtengeneza redio. Hakuwahi kuigusa kompyuta maishani. Alikigeuza kile kipande cha alumini, akakwangua kwa kucha, akabandua karatasi ya nembo iliyokuwa imegandishwa chini yake, pale pale panapolalia prosesa.

"Dada, mmempikia mgonjwa uji mkampa kikombe kina kifuniko," alisema. "Na grisi iko wapi?"

"Grisi gani?"

Akatoa kichupa cha grisi nyeupe anayopaka kwenye transista kubwa za amplifaya. Akanipimia kiasi cha punje ya mchele. "Tandaza mpaka uone chuma chini yake. Usipake kama siagi ya mkate." Akaangalia na kile kibano cha waya kinachokaza feni, akasema kimelegea upande mmoja, akakipinda kwa koleo mara moja tu. Nilipomuuliza bei alisema nikimaliza nimpitie nimweleze imekuwaje.

Nilirudi karibu kwa kukimbia. Nikapaka, nikakaza, nikatupa lile shuka la maua ambalo lilikuwa linaziba matundu ya hewa. Mashine ikaenda saa nzima. Ikaenda mpaka jioni. Nikaweka mkono juu ya mapezi: ya moto, moto wa chai uliyoiacha kidogo, na ndivyo inavyotakiwa.

Siku nne Bwana Anselimu alinisomea madaftari, mimi nikaingiza. Umeme ulikatika mara tatu, nikajifunza kuhifadhi kila baada ya nukta kumi. Siku ya mwisho tukaweka karatasi kwenye plota. Kalamu ilishuka yenyewe, ikachora ufukwe kwa mstari mmoja usiokatika, ikapanda, ikaenda kwenye visima, ikaanza minazi. Ofisi nzima ilikuja kusimama. Bwana Anselimu alikuwa akifuata kalamu kwa kichwa, huku na huku, na kila ilipofika kwenye kona ngumu nilimsikia akivuta pumzi kuisaidia.

Kamati ilikutana kwenye darasa la shule ya kijiji. Tuliibandika ramani ubaoni. Mwenyekiti wa kamati alikuwa mtu mpole asiyependa kupoteza muda, na mwakilishi wa mwombaji alikaa mbele na mkoba wake. Nilieleza: makaburi haya hapa, visima hivi hapa, mpaka unaopendekezwa unapita nje yake. Mwakilishi mwenyewe alikubali kuwa mchoro wao ulikosea. Ilikuwa inakwenda vizuri mno.

Ndipo Bi Mwanashuru akainuka, akaja ubaoni. Aliisoma kwa kidole, kaburi moja moja, akiyataja kwa sauti ya chini. Akafika mwisho, akarudi nyuma, akaanza tena.

"Mwanangu wa kwanza hayupo," alisema.

Mwenyekiti akaweka kalamu yake chini.

"Alikufa mchanga. Hana jiwe, ana kichaka cha mrehani. Siku walipopima makaburi nilikuwa nimerudi tena Lindi kwenu, kuulizia." Akaweka kidole. Kilikuwa ng'ambo ya mpaka, upande wa mwombaji.

Nyinyi mliozoea kufuta kwa kubonyeza hamwezi kujua nilivyojisikia. Kwa miaka yangu yote ya kazi, sentensi kama ile ilikuwa na jibu moja: mama, ramani imeshakwisha. Mwakilishi akasema kwa upole kwamba hawawezi kuja kila mwezi. Mwenyekiti akamtazama Bwana Anselimu.

"Mzee, mnahitaji wiki ngapi?"

Bwana Anselimu akanigeukia mimi.

"Kesho saa nne asubuhi," nikasema. Sauti yangu niliisikia ni ya mtu mwingine.

"Kesho?" mwenyekiti aliuliza.

"Kesho, mheshimiwa."

Tukaenda na Bi Mwanashuru mpaka kwenye kile kichaka. Alikisogeza kwa mikono miwili, tukaona ardhi iliyoinuka kidogo, urefu wa mkono. Bwana Anselimu alivua kofia. Kisha tukashika futi ya kamba, tukapima kutoka bikoni mbili, na ya tatu kwa uhakika, yeye akasoma, mimi nikaandika. Saa nane tulikuwa Lindi. Nikaingiza nukta moja. Nikausogeza mpaka uzunguke kaburi na nafasi ya watu kusimama. Ukubwa wa eneo lote, ambao kwa mkono ni hesabu ya siku mbili, ulibadilika kabla sijaondoa kidole. Bwana Anselimu akaukagua kwa kikokotoo chake hata hivyo, akaukuta sawa, akaonekana kama mtu aliyeshinda kitu ingawa hakushindana. Kabla ya alasiri plota ilikuwa imemaliza.

Kesho yake, kabla ya saa nne, tulibandika karatasi mpya ubaoni. Niliandika pale jina la mtoto, alilonipa mama yake kwenye kichaka. Bi Mwanashuru alikuja, akalitafuta kwa kidole, akalipata. Hakujua kusoma sana, lakini hilo alilisoma, herufi kwa herufi, bila haraka, na hakuna aliyemharakisha, hata mwakilishi. Kisha akajifunga kanga yake vizuri na kumgeukia mwenyekiti.

"Sasa wekeni sahihi," alisema.

Wakaweka.